Mguu Uliokandwa Siku ya Jumapili

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 1958, na mimi nina miaka tisa na miezi miwili tangu nilipotoka nyumbani kwetu Pawaga, upande wa Iringa, nikimwambia mama kwamba nakwenda Lupa kuchimba dhahabu msimu mmoja tu. Naanza na tarehe kwa sababu Bwana Karani, aliponiandika katika orodha ya wasemaji, aliniambia, "Saulo, anza na jambo ambalo huwezi kulikosea."

Bwana Daktari Mkuu wa hospitali yetu; Bwana Liwali wa mji; Baba Mchungaji na Baba Padre, ambao leo mmekaa benchi moja; Mama Mkuu wa Wauguzi; madresa wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, wauguzi na wanafunzi wa uuguzi; wageni mliotoka Tukuyu na Chunya kwa vumbi lote hili; wagonjwa mnaosikiliza madirishani; nanyi wenzangu wa kuni, wa maji na wa fagio, ambao kwa desturi hutajwa mwisho, au hamtajwi kabisa: nawasalimu nyote. Walio wa kwetu, kamwene. Na wewe Bwana Liberatus Mgaya, uliyetukusanya hapa kwa kustaafu kwako baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, shikamoo.

Kwa msionijua, mimi ni Saulo Luvanda. Ndimi ninayechanja kuni za lile jiko la nyuma, linalochemsha sindano na vyombo vya kupasulia. Shule niliacha darasa la pili, kwa hiyo msitegemee maneno ya kisomi. Nimeomba nafasi hii mwenyewe. Hakuna aliyenituma, na Bwana Liberatus hajui nitakalosema. Angelijua, angelizuia.

Nimewasikiliza wasemaji wanne walionitangulia. Wamesema Bwana Liberatus ni mtu wa kuwahi kazini. Wamesema ni msafi, ana subira, hana makuu, hajawahi kulewa. Yote ni kweli. Lakini nilikuwa nasubiri neno moja, nalo sikulisikia. Je, mmesikia mtu yeyote akisema kwamba ni hodari wa kazi yake? Nani kati yetu amesema kwamba mikono yake ni mizuri? Hakuna. Na sababu tunaijua, ila siku ya sherehe watu huiacha mlangoni pamoja na miavuli. Sababu ni lile jina. Wanafunzi, msiinamishe vichwa, si ninyi mliolianzisha. Mlilikuta. "Jishikeni, Bwana Geuza anaingia." Kila mwaka wanafunzi wapya wanafundishwa kupima joto, kutandika kitanda, na kumcheka Bwana Geuza, dresa aliyemgeuza mgonjwa vibaya akataka kumwua.

Mgonjwa mwenyewe ndiye mimi. Na leo nataka kuwaambia nani aliugusa mguu wangu.

Mwaka 1952, mwezi wa nane, nilikuwa katika mgodi mmoja upande wa Makongolosi. Jiwe liliniangukia likanichana mguu wa kulia, hapa ndani juu ya kifundo. Halikuwa jeraha la kumtisha mchimbaji. Nililifunga kwa kitambaa cha shati, nikaingia shimoni kesho yake, na kesho kutwa. Baada ya siku kumi na mbili jeraha likatoa usaha, na baada ya hapo mguu ukaanza kuvimba, kwanza chini, kisha gotini, kisha paja zima mpaka kwenye kinena. Ukawa mzito na wa moto, ngozi inang'aa kama mtungi mpya. Ikaja homa ya kutetemeka. Mchana natetemeka mpaka kitanda cha miti kinalia, kisha jasho, kisha napata nafuu kidogo, na jioni tena. Kambini tukasema malaria. Nikala kwinini mpaka masikio yakavuma, na homa haikusikia.

Nilikuwa na rafiki kambini, Halfani bin Sudi, mtu wa Iringa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani. Mama yake Halfani alikuwa mkandaji, anakanda wazazi na watoto na waliovunjika, na mikono ile Halfani aliirithi. Mkitaka kujua kambi ya wachimbaji inaishije, msiulize chakula, ulizeni migongo. Mtu anatoka shimoni amepinda kama kulabu. Sisi tulikuwa tunajipanga nje ya kibanda cha Halfani kila jioni, Mhehe, Msafwa, Mnyakyusa, Mbena, na yeye na chupa yake ya mafuta ya nyonyo, anatukanda mmoja mmoja na kututukana. "Mgongo huu ni wa mtu au wa punda?" Tulimwamini kuliko dawa. Aliponikanda mguu ule kambini mara ya kwanza nilipiga kelele, akaacha. Akasema, "Huu una kitu. Huu nenda Mbeya." Nataka mlikumbuke jambo hili, kwamba yeye ndiye aliyenipakia kwenye lori, na yeye ndiye aliyekaa nami juu ya magunia kuanzia Makongolosi mpaka hapa mlangoni.

Daktari wa wakati ule alikuwa Mzungu mrefu, ambaye sasa amekwisha kurudi kwao. Alikuwa mkali, lakini alikuwa hodari, wala sikuja kumsema vibaya. Alinibonyeza tumbo na kinena, akasikiliza kifua, akaongea kwa Kiingereza na uso wake haukunipendeza. Aliponiacha, nikamwuliza dresa, ndiye Bwana Liberatus, aliyekuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu sikioni: "Amesema nini?"

Akanijibu kwa maneno ya kwetu, maana Kibena na Kihehe ni ndugu. Akaniuliza kwanza, "Kwenu wapi?"

Nikasema, "Pawaga."

"Pawaga ya mifereji ya mpunga?"

"Hiyo hiyo."

"Basi utaelewa upesi kuliko watu wa milimani. Damu inashuka mguuni, na lazima irudi moyoni. Inarudi kwa mishipa midogo inayoingia katika mikubwa, na ile mikubwa inaingia katika mmoja mkuu, unaopanda ndani ya tumbo mbele ya uti wa mgongo. Uchafu wa jeraha lako umeingia kwenye mshipa. Damu imeganda humo kama maziwa, na mgando wenyewe umeoza, una usaha. Umepanda mpaka kinenani na umeingia tumboni, katika ule mkuu. Kila unapotetemeka, ujue chembe za uozo zimechukuliwa na damu."

Nikauliza, "Kwa nini msinikande mgando utoke?"

Akanitazama. "Baba yako mfereji wake ukizibwa na tope lililooza, atalisukuma kwa mguu liende kwenye majaruba?"

"Hapana. Ataharibu shamba lote."

"Basi. Na shamba la mshipa huu ni mapafu."

Bwana Liberatus, miaka sita imepita, na sijasikia mtu akieleza ugonjwa vizuri namna ile. Na hawa wanafunzi wanakuita Geuza.

Matibabu yalikuwa hivi. Miguu ya kitanda upande wa chini iliinuliwa juu ya matofali, mguu wangu ukalala mlimani na kichwa bondeni. Jeraha lilipasuliwa, likasafishwa, likaachwa wazi lipate kutoa uchafu. Zilikuwepo chupa chache za dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda, nazo zilikwisha baada ya siku sita. Na penisilini, sindano kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, nikaambiwa wiki sita bila kukosa moja. Nesi Tusekile, uliyekaa pale, unanikumbuka? Sindano ile iliuma. Siku moja nikaanza kumweleza kwamba upande wa kushoto umechoka, upande wa kulia nao una haki zake, na yeye akaniambia, "Gwe Saulo, geuka. Nimekuja kuchoma, sikuja barazani."

Kwa nini wiki sita? Nilimwuliza Bwana Liberatus hilo pia, maana baada ya siku kumi homa ilishuka na nikajiona mzima. Akasema dawa hufika upesi mahali damu inapopita, lakini ndani ya donge damu haipiti, kwa hiyo wadudu wamejificha humo kama panya katika gunia. Ukiacha mapema wanatoka. Ndiyo maana dawa lazima iwe nyingi na ya muda mrefu, na mgonjwa lazima atulie mpaka donge lishikamane na ukuta wa mshipa, lisiweze kung'oka.

Sasa lipo jambo la amri. Daktari alisimama katikati ya wodi, watu wote wakisikia, akasema mguu wangu usiguswe na mtu yeyote asiye wa hospitali. Usikandwe, usichuliwe, usipakwe kitu. Akasema penisilini haitoshi, na yuko mama mwenye homa ya uzazi wodi ya pili anaisubiri. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Asiyetii ataturudishia kitanda, na dawa yake atapewa mwingine." Kiswahili chake kilikuwa kibovu, lakini hilo tulilielewa sote.

Jumapili ya tatu, saa kumi, saa ya kuona wagonjwa, Halfani alikuja. Alikuwa ametembea na kupanda malori siku mbili. Aliniletea ndizi, salamu za kambi nzima, na chupa yake kwenye mfuko wa koti.

Aliinua shuka, akaona mguu umepungua, akafurahi. "Ala. Umeanza kuwa mguu wa mtu. Lakini mbona wameuacha mgumu hivi? Hawa hawana mkandaji?"

Nikamwambia, "Wamekataza."

"Wamekataza nani?"

"Watu wa nje."

"Mimi ni mtu wa nje?"

Mabwana na mabibi, hapo ndipo nilipaswa kumjibu. Nilipaswa kusema, Halfani, ndiyo, leo wewe ni mtu wa nje. Ninyi mnaojua desturi zetu, niambieni: mtu ametoka Makongolosi mpaka Mbeya kwa ajili yako, mikono yake ndiyo iliyoinua mgongo wako miaka mitatu, naye anakuuliza swali hilo. Wangapi kati yenu mngelijibu? Na tena nitasema ukweli wote. Nilitaka kukandwa. Nilikuwa nimelala siku ishirini bila kuguswa na mtu ila sindano. Nilitazama mlango. Bwana Liberatus alikuwa amekwenda jikoni kuchemsha sindano za saa kumi na mbili. Nikasema, "Fanya upesi. Kidogo tu, pajani."

Kwa hiyo Halfani hakuvunja amri, maana amri hakuisikia vizuri. Mimi ndiye niliyeisikia, na mimi ndiye niliyesema fanya.

Alikanda kwa upole, toka gotini kwenda juu, kama alivyofundishwa na mama yake, kuelekea moyoni. Nilipata raha mpaka nikafumba macho. Akafunika shuka, akasema, "Mwezi ujao utacheza mpira," akaenda zake kuwahi lori.

Sijui kama ilipita nusu saa. Nilihisi kama mtu amenichoma kifua kwa mtaimbo. Pumzi ikakatika. Nilikohoa, na kilichotoka mdomoni kilikuwa damu. Bwana Liberatus alifika akikimbia, sindano ikiwa bado mkononi. Akaniinua, akanisikiliza, akafunua mguu, na hapo akasimama. Harufu ya nyonyo haifichiki. Ngozi ilikuwa inang'aa mafuta toka gotini mpaka kinenani, na alama za vidole zilikuwa bado zimebonyea.

Alinitazama, nami nikamtazama. 

Alichukua pamba na spiriti, akafuta mguu wote kwa haraka, akaitupa pamba ndani ya ndoo ya moto. Ndipo akamtuma mtu amwite daktari.

Daktari alifika, akauliza, "Nani amegusa mguu huu?"

Bwana Liberatus akajibu, "Mimi, Bwana. Nilibadilisha shuka, nikamgeuza vibaya."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Nimeyabeba miaka sita, sijapoteza hata moja.

Daktari alimtukana mbele ya wodi nzima. Kisha akafanya kazi yake. Alisema sasa donge limeanza kumeguka, na vipande vyenye usaha vitaendelea kwenda mapafuni mpaka vimwue mtu, kwa hiyo hakuna kungoja. Asubuhi yake nilipewa dawa ya usingizi, nikapasuliwa ubavuni, na ule mshipa mkuu ukafungwa kwa uzi wa hariri chini kidogo ya figo. Yaani mfereji uliwekewa kizuizi ili tope lisipite. Nikauliza baadaye, je, damu ya miguu inarudi wapi? Bwana Liberatus akanionyesha tumboni pangu. Mishipa midogo ilikuwa imeanza kutambaa chini ya ngozi kama mizizi, inazunguka kizuizi. Ipo mpaka leo. Na mpaka leo, jua likishuka, miguu yangu inavimba, na ndiyo maana sikuweza kurudi mgodini, nikaomba kazi ya kuni. Mnaponiona nimekaa juu ya gogo saa kumi na moja jioni miguu nimeiweka ukutani, si uvivu. Ni mzunguko mrefu.

Siku ya nne baada ya kupasuliwa, daktari alikuja kitandani na kitabu cha wodi. Bwana Liberatus alikuwa amesimama nyuma yake. Daktari akaniuliza, pole pole ili nielewe, "Ni kweli dresa huyu alikugeuza vibaya?"

Kichwa changu kikainama mara moja, kuitikia. Hivi tu.

Nimebeba kuni nyingi katika hospitali hii. Hakuna mzigo uliowahi kuniuma shingo kama kuinamisha kichwa kule.

Daktari aliandika. Jina la Liberatus Mgaya lilikuwa katika orodha ya watu wawili waliochaguliwa kwenda Dar es Salaam kusoma, warudi kuwa Waganga Wasaidizi. Likakatwa. Mwaka mzima hakuruhusiwa kushika sindano. Alibeba vyombo vya choo na kuosha sakafu, mtu mwenye kazi ya miaka kumi na minane. Mwenzake aliyekwenda sasa ana wodi yake na vijana chini yake. Yeye anastaafu leo akiwa dresa, kama alivyoingia. Na jina la Geuza likazaliwa. Nami, ndugu zangu, nilikuwa hapo jikoni wanafunzi walipolitamka kwa mara ya kwanza, wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilicheka ili wasiulize kwa nini sicheki.

Niliweza kutembea mwezi wa Januari. Nikamfuata penye bomba, alikuwa anasugua vyombo. Nikamwuliza, "Kwa nini?"

Hakuinua macho. "Ningesema ukweli, ungelala wapi jana? Amri uliisikia. Ungetolewa kitandani na donge kifuani, ukafie kwenye lori."

"Lakini chuo chako?"

"Chuo hakitetemeki kwa homa."

"Niende nikamwambie sasa. Nimeshapona."

Hapo akaacha kusugua. "Usiende. Sasa hivi mimi ni mzembe. Ukienda, nitakuwa mwongo, niliyefuta mguu wa mgonjwa na kumficha daktari sababu ya ugonjwa. Mzembe hupewa ndoo. Mwongo hupewa njia aende zake. Nina wazazi Njombe. Nenda kachanje kuni, Saulo, jiko linazimika."

Mngelifanya nini? Mimi nilikwenda nikachanja kuni. Na nitasema tena ukweli, maana leo nimeamua kuumaliza: maneno yake yalinipa ahueni. Aliponikataza nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili yake. Kumbe nilikuwa nanyamaza pia kwa ajili yangu, kwa kuwa mimi nami ningepewa njia. Sijui mpaka leo kilikuwa kipi zaidi.

Wala sijui kama pasipo kukandwa donge lisingemeguka. Nesi Tusekile ananiambia yako madonge yanayomeguka yenyewe, mgonjwa amelala kimya. Huenda. Lakini ninyi nyote mliamini kwamba kugeuzwa kidogo kulitosha kuleta balaa lile, mkamhukumu mtu kwa hilo. Basi na kukandwa kwa mafuta robo saa kupimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Jumapili iliyopita nilikwenda dukani kwa Halfani. Mgodi ulipofungwa alihamia hapa mjini, anauza kahawa na vitambaa karibu na soko, na jioni bado anakanda watu. Nikamweleza yote. Alikuwa hajui. Miaka sita alikuwa hajui. Alitazama mikono yake, ndani na nje, akaiweka juu ya meza.

Akasema, "Nimekuwa nikiwaambia watu, mnamwona yule Saulo wa hospitali? Mguu ule niliufufua mimi. Nawe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Ukasema nini?"

"Nilitabasamu."

"Wewe ni mtu mbaya, Saulo."

"Ndiyo."

Akanimiminia kahawa, maana hawezi kumwacha mtu bila kahawa hata akimchukia. Nikainywa. Mwisho akasema, "Jumamosi ukisimama, unitaje kwa jina. Mikono iliyokosea isifichwe uvunguni kama ya mwivi. Na uwaambie watu jambo hili: mguu mmoja ukivimba peke yake, una moto, na mtu ana homa ya kutetemeka, mikono yote iwekwe mfukoni. Waseme Halfani mkandaji amesema." Yuko pale, karibu na mlango, mwenye kofia nyeupe. Nimekutaja, ndugu yangu.

Sasa naja kwa Bwana Daktari Mkuu wetu wa leo. Mtaniuliza kwa nini nimengoja mpaka siku hii. Nimengoja kwa sababu leo saa nane mchana Bwana Liberatus amekabidhi funguo za kabati la dawa na ameweka sahihi. Amemaliza. Hakuna ndoo wala njia anayoweza kupewa tena. Kama kuna wa kupewa njia ni mimi, na shoka langu nimelisimamisha pale jikoni, limenolewa, tayari kwa mwingine.

Kitabu cha wodi cha mwaka 1952 kipo katika chumba cha karani, rafu ya chini. Nimekiona nilipokuwa naua mchwa. Mstari wenyewe upo, kwa wino wa bluu. Siombi ufutwe, maana kufuta ndiko kulikotuletea haya. Naomba, kwa heshima zote, chini yake paandikwe kwamba mgonjwa Saulo Luvanda alimruhusu rafiki amkande baada ya kukatazwa, kwamba dresa Liberatus Mgaya hakumgeuza vibaya, bali alisema uongo ili mgonjwa asinyimwe dawa. Uongo uandikwe pia. Yeye mwenyewe asingependa uachwe. Nami nitaweka sahihi. Darasa la pili linatosha kwa hilo.

Namwona Bwana Liberatus anatikisa kichwa. Tikisa, mzee wangu. Mimi niliwahi kuinamisha changu mahali palipotakiwa kutikiswa, kwa hiyo leo tumebadilishana.

Wanafunzi, ninyi mtakaoshika sindano baada yake, mwulizeni kabla hajaondoka awaeleze habari za mfereji. Msimwache aende na maarifa yale Njombe, akaanze kuyaeleza kwa mbuzi. Na mkitaka kumwita kwa jina, anaitwa Bwana Mgaya.

Nimebakiza dogo moja. Mama yangu hajui kusoma, lakini huandikiwa, na kila barua ina swali moja mwishoni: huyo aliyekuponya anaitwa nani, na sisi tumtaje tunaposali? Miaka sita nimemjibu habari za mvua. Nikajiambia siendi nyumbani mpaka niwe na jibu, kwa sababu swali la barua hukwepeka, lakini mama akikuuliza huku anakutazama utasema nini?

Basi la Iringa linaondoka Jumatatu asubuhi. Nimepata kiti, na nimeambiwa kwamba kiti cha pembeni yake amekikatia tiketi Bwana Mgaya, anayeteremka Makambako kwenda kwao. Bwana Mgaya, ukitaka kunigombeza kwa haya niliyosema, njia ni ndefu na sina pa kukimbilia. Jumanne nitalala Iringa mjini. Jumatano, kabla ya jua kuzama, miguu ikiwa imevimba kama kawaida yake, natarajia kuwa Pawaga nyumbani kwetu, nimekaa mbele ya mama, na akiniuliza nitamtajia jina.

Nawashukuru kwa kuwa mmenivumilia mpaka neno la mwisho, na kwa masikio mliyoniazima nasema asanteni.